Bendera Nyekundu na Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Ilula, nilisimama mahali pabaya. Nilikuwa nimepewa bendera nyekundu, filimbi, na viatu vya mpira vilivyonizidi miguu. Tulikuwa tunapasua mwamba ili barabara ipanuliwe. Wanaume wanatoboa matundu, wanashindilia baruti, wanawasha utambi, ile kamba inayopeleka moto polepole. Mimi nazuia watu na magari. Shule niliishia darasa la nne, lakini sauti nilikuwa nayo.

Fomeni wetu, Mhehe wa Kilolo, alinijia taratibu. "Kamwene," akanisalimu. Akauliza habari za nyumbani, akauliza watoto, akauliza kama mvua imefika kwetu. Mwisho akasema, "Mama, hapo uliposimama pana kivuli kizuri." Akaenda zake. Mimi nikafurahi, nikajua kanisifu. Hazikupita dakika kumi, udongo ukaporomoka kutoka juu ukanifukia mpaka magotini.

"Si ungeniambia?" nikamfokea.

"Nilikuambia, mama. Kile kivuli kilikuwa cha nini, kama si cha udongo unaoning'inia?"

Sisi Wanyakyusa wa Rungwe hatuzunguki hivyo. Mama yangu alipokuwa akinionya, hata jirani wa mlima wa pili alishtuka akaangalia miguu yake. Basi Ilula nikajifunza kuyachambua maneno ya fomeni kama mchele wenye mawe. Akisifia kitu, nakikimbia.

Kutoka hapo tulihamishiwa upande wa Usangu. Huko wapitaji walikuwa wafugaji Wasukuma na makundi yao. Msimamizi alinikataza kupiga kelele: "Ukiwatawanya ng'ombe, utawakusanya wewe." Mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akituuzia maziwa akanielekeza. Nisimame mbele ya ng'ombe anayeongoza, nimsalimie mwenye mali, "Mwangaluka," halafu niseme neno moja tu: moto. Wanasimama. Yeye mwenyewe, siku alipoona nyoka karibu na mguu wangu, alinishika mkono akaukaza, basi. Hakuniachia mpaka nyoka alipopita.

Mwisho nikapelekwa Mbeya, kwenye barabara ya kupanda kwenda kwetu Rungwe. Tukaweka kambi karibu na kijiji cha mume wangu. Mhandisi alikuwa mkali. Kila asubuhi alinisomea kama sala: "Bendera ikishindwa, filimbi. Filimbi ikishindwa, mdomo. Mdomo ukishindwa, nitakuja kukuuliza wewe, sitaiuliza baruti."

Ninyi wajukuu zangu hamjui mambo haya, kwa hiyo nieleze. Kwetu mke haongei na baba mkwe. Hamtazami, hataji jina lake, wala hamgusi. Wakikutana njiani, mke anaingia majanini, na mzee naye anageuza uso na kupita kwingine. Hapo hakuna ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Wengi walikuwa wameanza kuilegeza, lakini baba mkwe wangu aliishika kwa mikono miwili, na mimi nilijivunia kumheshimu.

Asubuhi moja utambi umeshawashwa, nikamwona anakuja na mwavuli wake. Nikainua bendera, nikageukia pembeni kama inavyotakiwa. Kumbe naye ameniona. Akageuza uso, akaiacha barabara, akashika njia ya majanini ili asinipite. Njia ile ilikuwa inaelekea mwambani.

Nikapuliza filimbi. Hakugeuka. Angegeukaje, wakati anajua anayepuliza ni mke wa mwanawe? Nikatafuta mtu wa kumtuma. Mshika bendera mwenzangu alikuwa ng'ambo ya mwamba, wengine wote wamejificha. Nilikuwa peke yangu na heshima yangu.

"Tata! Rudi! Baruti!"

Akazidisha mwendo. Mke wa mwanawe kumwita baba kwa mdomo wake! Alidhani nimerukwa na akili.

Nikatupa bendera nikakimbia. Nikamshika mkono, nikamvuta, nikamwangusha nyuma ya tuta, nikamlalia. Mwamba ukalipuka. Mawe yakaanguka kotekote, na mwavuli wake ukachanwa palepale alipokuwa amefika.

Alipoinuka alijifunika uso kwa koti. "Bora jiwe lingenipata," akasema. Hakuniambia mimi. Aliyaambia majani.

Mhandisi alinisifu mbele ya watu wote. Nyumbani hawakunisifu. Mume wangu hakunipiga, hakunifukuza. Alisema tu, "Nenda kakae mjini, kule Ilomba, mambo yapoe." Nikapanga chumba, baadaye nikajenga. Mambo hayakupoa. Akaoa mwingine. Watoto walikuwa wanakuja likizo, wanarudi kwa baba yao. Nilifanya kazi hadi nikastaafu, na hakuna mtu hata mmoja aliyekufa upande wangu wa bendera.

Mwaka niliostaafu, wifi yangu, binti wa yule mzee, alibisha hodi. Hakutaka hata kuketi.

"Baba alipita mtaani kwako jana," akasema. "Amesema, mwenye nyumba hii aambiwe kwamba mkaratusi wa nyuma umeoza shina. Utaangukia chumba cha kulala."

"Alifika hapa?"

"Alisimama nyuma ya uzio."

"Mbona hakuingia?"

"Wifi, na wewe! Angeingiaje?"

Nikaita watu wa msumeno. Mti ulikuwa mtupu ndani, unaingiza mkono mpaka kwapani. Nililia jikoni kwa furaha, mtu mzima mimi. Mzee wa watu, na miguu yake ya uzee, alikuja mjini akaikagua nyumba yangu kwa nyuma.

Sikuweza kumshukuru. Kwa mdomo nisingethubutu mara ya pili, na kabla sijapata wa kumtuma, akafariki. Msibani nilikaa mwisho kabisa, na wanawake nisiowajua.

Siku hizi wanangu wananipigia simu kutoka mbali. "Mama, jiangalie," wanasema, kisha salio linaisha. Nijiangalie na nini? Hawajui ni tofali gani limelegea, wala ngazi ipi inateleza. Ukuta wa choo umeanza kuinama. Nimeuona mwenyewe, nikajionya mwenyewe kwa sauti kama ya mama yangu, uani, na kuku wakatawanyika.