Siku Niliyomalizia Picha ya Kihindi kwa Mdomo

Nikiikumbuka Jumapili ile mpaka leo nashika kichwa, na wale mliokuwepo mle bandani naomba mcheke kwa adabu, maana aibu niliyoipata pale Manyamanyama, mtaani kwetu Bunda, niliitafuta mwenyewe, kwa mdomo wangu huu huu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, sukari imeanza kurudi madukani na vijana wa ziwani wametajirika kwa sangara, ndipo mmoja wao, Masatu wa Kiriba, akaja Bunda na televisheni, deki ya video na jenereta, akakodi banda, akaziba madirisha kwa magunia ya pamba, akaanza kuonyesha picha za Kihindi mchana kweupe. Mimi nilishakaa kwa shangazi Musoma na picha nyingi niliziona huko, basi akaniomba nisimame kando ya televisheni niwatafsirie watu. (Kihindi sikijui hata salamu, nilikuwa nakumbuka tu jinsi nilivyotafsiriwa mimi.) Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, mimi na Masatu tukawa tumeshapendana.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Baba alishapokea ng'ombe wa Mzee Machota wa Mugeta, mtu mzima mwenye wake wawili, na ng'ombe hao hao ndio kaka yangu Magesa angeolea, maana kwetu dada akitoka ndipo kaka anaingiza. Nilipojaribu kumtaja Masatu, baba akaniuliza, "Kwa wakwe wa Magesa tupeleke sato wa ziwani?" Magesa nampenda, na mchumba wake alikuwa rafiki yangu wa kuchota naye maji, sasa ningewavunjia vipi?

Ili niruhusiwe kwenda bandani Jumapili hiyo nikamsimulia baba picha yenyewe ilivyo: binti anampenda kijana, baba yake ameshamwahidi mtu mwingine, na binti anaifikiria familia, anafuta machozi, anakubali. Baba alifurahi mno. "Kumbe video inafundishaga!" akasema. Nikaondoka najiona mjanja, sikujua kwamba nimemtamanisha.

Banda lilijaa. Nikatafsiri vizuri kabisa, akina mama wakalia nami nikalia (mimi kwa sababu zangu), mpaka tukafika pale baba mtu amesimama na shada la maua, binti amepiga magoti, anafungua mdomo kujibu, jenereta ikakohoa mara mbili ikazimika. Petroli ya kwenye madumu, mafuta ya taa nusu yake. Giza. Masatu akakimbilia nje kuvuta kamba, watu wakaanza kupiga benchi: "Malizia kwa mdomo, dada! Malizia!"

Hapo ningesema tu alikubali, tukaagana, kila mtu akaenda kwake. Lakini giza lilinipa ushujaa ambao sikuwa nao, na nikaona yule binti ameteseka vya kutosha, nikasema, "Akamwambia baba yake, sitaki!" Banda likalipuka kwa shangwe. Basi nani atanishika? Nikaendelea, binti akasema huyo mzee ana wake wawili tayari, binti akasema moyo wake uko kwa yule kijana wa ziwani, binti akasema, "Baba, rudisha ng'ombe za watu Mugeta!"

Ghafla sauti moja kutoka nyuma: "Na Bombay kuna Mugeta?"

Walicheka mpaka benchi likaanguka, na mtu mmoja kwa kutafuta hewa akavuta gunia la dirishani, jua likaingia lote, na mstari wa pili nikamwona baba yangu, kofia iko magotini. Kulia kwake Magesa. Kushoto kwake Mzee Machota mwenyewe, aliyealikwa aje ajionee jinsi mabinti wanavyotii hata huko kwa Wahindi! Natamani niseme nilizimia. Nilisimama tu, mkono juu ya televisheni.

Baba akaongea polepole. "Nyangeta. Mbona nyumbani uliniambia alikubali?"

"Alikubali, baba." Nikauondoa mkono juu ya televisheni. "Aliyekataa ni mimi."

Mzee Machota akainuka. "Ndiyo mtoto unayenipa huyu? Ameharibika! Hata mbwa wangu anamshinda adabu!"

Hapo ndipo alipokosea. Baba anaweza kunigombeza mwaka mzima, ila mtu mwingine akinitukana mbele yake, huyo amejitafutia. Akavaa kofia. "Ng'ombe zako wamekula majani yangu vya kutosha. Wachukue leo, kabla jua halijazama." Lile banda lilipiga makofi kuliko picha yoyote, na Masatu, mikono imejaa oili mlangoni, hakujua hata anachopigiwa.

Alipojua, alikuja nyumbani kuniposa. Baba akamwambia, "Mimi nina kijana wa kuozesha. Naelewaga kitu kinachokula majani tu." Masatu hakubisha. Akauza televisheni, akauza deki, akauza jenereta na kamba yake, akanunua ng'ombe, na siku wanaletwa, Manyamanyama nzima ilitoka barabarani ikishangilia: "Video inapita! Video inapita!" Mimi nilikuwa mlangoni napiga vigelegele vyangu mwenyewe, bila haya hata kidogo. Magesa akaoa, nami nikaolewa, na ng'ombe wawili waliotangulia wakabaki na majina yao, Deki na Jenereta. (Jenereta alikuwa mvivu wa kuamka, kama wajina wake.)

Tangu siku hiyo nimeapa simalizii hadithi ya mtu yeyote kabla sijafunua madirisha yote nikaona nani amekaa wapi. Hata hivyo wanaomuuliza baba ile picha iliishaje wapo mpaka leo, naye huwa anajikohoza, anaweka mguu juu ya mguu, na kuwajibu kwamba baba wa yule binti alikuwa mtu wa maana sana, alirudisha ng'ombe siku ile ile.