Nani Amchinje Ng'ombe wa Baba

Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye mti wa mwati nyuma ya nyumba tangu alfajiri, na ukungu ulipoanza kuondoka alikuwa bado anacheua, mzima wa afya, huku uwanja mzima ukimsubiri. Ilikuwa siku ya kuondoa matanga ya baba yetu, kijijini kwetu karibu na misheni, nje kidogo ya Njombe. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ulishaletwa, viazi vilishamenywa, akina mama walishawasha moto, wakauacha ufifie, wakauchochea tena. Kilichokosekana ni mtu wa kuchinja. Na si kwamba hakuwepo. Alikuwepo, amekaa kwenye gogo karibu na zizi, kisu chake kimefungwa kitambaa juu ya magoti, na ukoo wangu ulikuwa ndani unajadili kama mkono wake unafaa.

Mimi ni mwepesi wa hasira, nakubali, na ualimu haukunisaidia. Lakini hasira ya siku ile ninayo hadi leo, na sioni sababu ya kuitua.

Lazima nieleze habari ya kuchinja kwetu. Baba yangu alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa hata siku za kazi, lakini ujanani alikwenda Tanga kukata mkonge, kama wanaume wengi wa Kibena wa rika lake, na huko alikula na kila aina ya watu. Alirudi na jambo moja ambalo hakuna padri aliyeweza kumwondolea: nyumbani kwake hapatapikwa vyungu viwili. Kukiwa na shughuli, anayechinja ni Mwislamu, ili wageni wote wale. Wateja wake wa viazi walikuwa wafanyabiashara wa Makambako, wengi wao Waislamu waliotoka mikoa mingine, na kila tulipokuwa na harusi au msiba walikuja na malori yao wakakaa mkekani na katekista wakala sahani moja. Sisi watoto tulidhani dunia nzima inafanya hivyo.

Kwa miaka mingi mchinjaji wetu alikuwa kijana mmoja mwenyeji wa Kondoa, dereva wa lori. Alikuwa mwenzake kaka yangu. Serikali ilipolegeza biashara na watu binafsi wakaruhusiwa kununua mahindi vijijini, kaka, mtoto wa kwanza kwetu, aliacha kazi ya ukarani akaungana naye. Mmoja anapima, mwingine anaendesha. Walipanga vyumba viwili Mahongole, pembeni ya mji wa Makambako. Huyo kijana ndiye aliyechinja kwenye harusi yangu. Alichinja kila mbuzi wa Krismasi. Baba alikuwa anamgeuzia mnyama kichwa kuelekea kaskazini yeye mwenyewe, upande ambao kwetu ndiko iendako barabara ya Makambako, kisha anasema, "Haya mwanangu, tupe chakula."

Halafu shangazi akaugua macho. Baba alikuwa ameshazikwa wakati huo. Shangazi alikwenda Makambako kutibiwa akalala kwa kaka Mahongole, na aliporudi macho yalikuwa yameona mengi kuliko ilivyotakiwa. Chumba kimoja, alisema, kimejaa magunia hadi darini. Chumba kingine kina kitanda kimoja. Alilisema hilo kwenye jumuiya, kisimani na kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Hakusema kwamba kitanda hicho kimoja alipewa yeye, na wenyewe wakalala juu ya magunia ya mahindi kila usiku aliokuwa pale, na asubuhi walimchemshia maji ya kuoga.

Watu wataniuliza kama nilijua. Sikuwahi kumwuliza kaka, na yeye hakuwahi kuniambia. Nilichojua ni kwamba utotoni alikuwa mtu wa kununa, anayekula haraka na kuondoka, na kwamba nilipomtembelea Mahongole nilimkuta anacheka. Walikuwa wanabishana kuhusu chumvi kwenye mboga kama nilivyokuwa nabishana na mume wangu. Hilo lilinitosha.

Basi, siku ile ya matanga, tukaitwa ndani. Mwenye kikao alikuwa baba mdogo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu ruksa, na vyama vingi vilikuwa vimetoka kuruhusiwa. Baba mdogo alikuwa amejiunga na upinzani wiki hiyohiyo ambayo tawi lilifunguliwa Njombe, na tangu hapo alikuwa haongei, anahutubia. Mbele yake alikaa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, balozi wa nyumba kumi wa chama tawala, ambaye alikuwa hamsalimii baba mdogo ila kwa lazima. Pembeni alikaa katekista. Mama alikuwa chumba cha ndani, mahali pa mjane, anasikia kila kitu na haruhusiwi kutia neno mpaka matanga yaondolewe.

Asubuhi yote walikuwa wamebishana. Walianza na vyama. Wakahamia kwenye bucha la nguruwe lililofunguliwa karibu na stendi ya Makambako na jinsi Waislamu walivyolikasirikia. Shemeji akasema huo ndio uhuru mnaoutaka, baba mdogo akasema uhuru ni mtu kuuza anachotaka na mwingine kutonunua. Nikiri, nilimpenda kwa sentensi hiyo. Nilikaa nikifikiri kwamba mtu anayesema vile hawezi kutuangusha.

"Sasa tuje kwenye la leo," akasema. "Mnyalukolo, ndugu yetu wa damu, wewe ndiye mkubwa. Leo tunakuvika koti la baba yako, unakaa kwenye kiti chake, unakuwa sauti ya nyumba hii. Hilo halina mjadala."

Koti lilikuwa pale kwenye kiti, lile la sufu alilonunua Tanga, viwiko vimetiwa viraka. Kaka alilitazama. Aliitaka nafasi ile. Nisiseme uongo kwamba hakujali. Alikuwa amekaa kimya miaka yote akingoja siku ambayo ukoo ungemtazama na kumwita mtu mzima.

"Tunaomba jambo moja tu," baba mdogo akaendelea. "Yule mwenzako asishike mnyama. Akae kwenye lori, au atangulie Makambako."

"Kwa sababu ni Mwislamu?" nikauliza.

"Hapana, mama. Hatuna ubaguzi wa dini hapa."

"Kanisa halina neno na Mwislamu kuchinja," katekista akadakia. "Neno lipo kwenye hayo mengine."

"Mengine yapi?"

Wakatazama sakafu. Wanaume wazima ambao tangu asubuhi walikuwa na maneno ya kumwaga, hakuna aliyeweza kutamka kwamba wanadhani kaka yangu anampenda mwanamume mwenzake. Shangazi akajifunika khanga mdomoni.

"Mwalimu, wewe ni msomi," katekista akasema. "Unaelewa."

"Sielewi. Nieleze kama unavyowaeleza watoto wa kipaimara."

"Tunawavumilia," baba mdogo akasema, na akalitamka kwa upole, kama anayetoa zawadi. "Hakuna aliyewafukuza. Tumewavumilia siku zote. Lakini chakula ni chakula. Mkono unaingia kwenye chakula cha watu."

Neno hilo kuvumilia ndilo nililokuwa nalifundisha darasani, kwenye somo la siasa, na siku hiyo lilinichefua. Unavumilia jino. Unavumilia baridi ya Juni. Kaka yangu alikuwa amekaa mbele yao na shati lake jeupe lililopigwa pasi, analia moyoni kumkosa baba yake kama wao, na wanamwambia kwa sauti laini kwamba wamemvumilia. Nikasema hivyo, na kwa sauti kubwa. Shemeji akaniambia nitulize munkari, wageni wanasikia.

Kaka ndiye aliyemaliza. Alisema maneno mawili tu.

"Baba alikula."

Ingekuwa rahisi kumjibu kama angepiga kelele.

Baba mdogo akainuka, akatoka nje hadi mkekani kwa wageni wa Makambako. Nilimfuata. Pale alikuwepo mzee mmoja mwenye duka la vipuri, mtu wa swala tano, rafiki wa baba wa miaka mingi. Ndiye aliyeongoza maandamano ya kwenda kwa mkuu wa kituo cha polisi kulalamikia bucha lile. Baba mdogo akainama akamnong'oneza, akimwomba achinje yeye. Nilitegemea mzee atauliza: kwani yule kijana wetu ana nini? Ni mtu wa msikiti wake. Walitoka naye Makambako asubuhi hiyo, kwenye lori lake.

Mzee hakuuliza. Alikuwa anajua, na alivyosimama kwa haraka niliona hata amefarijika.

"Kisu kiko wapi?" akasema.

Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona katika nchi hii kabla ya siku ile wala baada yake. Mpinzani na balozi wa chama tawala walisimama bega kwa bega. Katekista na mzee wa swala tano walipeana mikono. Watu ambao hawakuweza kukubaliana hata saa ya kuanza kikao walikubaliana wote bila kura wala kamati. Walihitaji tu mtu wa kumkataa pamoja.

Akina mama wakaleta visu vya jikoni. Mzee akajaribu cha kwanza kwenye kucha ya kidole gumba, akakirudisha. Akajaribu kingine. Vilikuwa visu vya kumenyea viazi, havikati hata kamba, na kumchinja mnyama kwa kisu butu ni kumtesa. Dini yake haimruhusu. Kwetu hatukuwa na kisu cha kuchinjia. Hatukuwahi kukihitaji, kwa sababu mchinjaji alikuja nacho. Katika mipango yao yote ya kumwondoa mtu, hakuna aliyekumbuka kwamba kisu ni chake.

Kijana wa Kondoa alikuwa amekaa palepale kwenye gogo. Alikuwa ameshaelewa. Akainuka, akafungua kitambaa taratibu, akamwendea mzee, akamkabidhi kisu kwa upande wa mpini.

"Nimekinoa jana, mzee wangu," akasema.

Mzee akakipokea bila kumtazama. Ng'ombe akageuzwa kichwa kuelekea barabara ya Makambako, akaangushwa, bismillahi ikasomwa, na watu wakashusha pumzi.

Kaka alitoka ndani na begi lake. Koti alikuwa ameliacha kwenye kiti. Waliingia kwenye lori wote wawili, wakafunga milango, lakini gari halikuwashwa. Nikaenda dirishani, nikafikiri wamebadili mawazo.

"Dada," yule kijana akaniambia, "niletee kisu changu tuondoke."

Nikarudi zizini. Walikuwa wanakitumia. Shemeji alikuwa anatenganisha paja, baba mdogo ameshika mguu, wanazungumza kwa furaha kama watu waliomaliza mtihani. Nikawaambia mwenye kisu anakitaka.

"Asubiri kidogo," baba mdogo akasema. "Tunamalizia mbavu."

Basi wakasubiri. Walikaa ndani ya lori, mbele ya uwanja uliojaa watu, huku sisi tukikatakata nyama kwa kisu cha mtu ambaye mkono wake hautakiwi kwenye chakula. Niliposema naomba sasa hivi, shangazi aliniambia niache uchoyo, kisu hakiishi. Hatimaye nilipewa, kimejaa mafuta hata kwenye mpini. Nikakipangusa kwa khanga yangu. Yule kijana akasema ahsante, akawasha gari, na wakaondoka. Siku hiyo nilikula viazi vitupu nje ya jiko, nalia, na sikujali nani ananiona.

Baada ya hapo kaka hakuja tena. Ukoo uliendelea kusema hakufukuzwa. Ni kweli, hakuna aliyemfukuza, na hilo ndilo linalonichosha zaidi, kwamba ukitafuta mkosaji humpati.

Miaka ikapita. Baba mdogo akawa diwani, akajenga Mjimwema, jirani na shule ninayofundisha, na akamwoza binti yake. Wiki ya harusi alinikuta nyumbani kwa mama, tunachambua maharage.

"Mwalimu," akasema kwa uchangamfu, "ukienda Makambako kuchukua vinywaji, pita Mahongole. Mwambie yule kijana atuazime kile kisu. Visu vyetu hivi havikati."

Alisema kisu tu. Nilimtazama kuona kama kuna aibu yoyote nyuma ya maneno yake, na haikuwepo. Alikuwa amesahau. Mimi nilikuwa nimebeba siku ile kifuani miaka yote, na yeye hata hakuikumbuka. Nilitaka kumwambia, lakini mama aliniwahi.

Mama akaweka ungo chini. Akaingia ndani, akarudi na koti la baba, lililokuwa limening'inia kwenye msumari tangu matanga, hakuna aliyethubutu kulivaa. Akaniwekea mapajani.

"Ukifika Mahongole usirudi na kisu," akaniambia kwa Kibena, mbele ya baba mdogo. "Mpelekee mwanangu koti lake."

Nilikwenda kesho yake. Walikuwa bado kwenye vyumba vilevile, magunia hadi darini. Kaka alilivaa palepale mlangoni, akaacha vifungo wazi. Mwenzake akaweka chini alichokuwa ameshika, akamfunga kimoja kimoja hadi shingoni, na kutoka ukoo wetu wote aliyeshuhudia akivikwa koti la baba nilikuwa mimi peke yangu.