Tobo Refu kwenye Kifuniko cha Samli

Niseme mwenyewe kabla hujacheka: bastola yangu ni mbovu. Inaenea kiganjani, ina mitutu miwili iliyopandana, na mpini wa plastiki unaojifanya pembe. Chuma chake si chuma, ni madini laini ya kumimina, ukiyakwaruza kwa ufunguo yanaacha alama. Skrubu ya kijinyundo hulegea kila baada ya risasi mbili. Mimi natengeneza miwani mjini Nizwa, kwa hiyo bisibisi ndogo haikosi mkobani mwangu, na hiyo ndiyo sababu pekee bastola hii haijaachana vipande. Mitutu yenyewe haielewani: wa juu unapeleka risasi kulia, wa chini unaipeleka chini, na siku nyingine hauipeleki popote. Kaka yangu alinishauri niikabidhi polisi yaishe. Nikaenda polisi kweli, nikarudi na kibali kwa jina langu.

Ilikuwa ya marehemu baba. Aliinunua soko la Nizwa, kwa muuza majambia na bunduki kongwe, mwaka waliorudi kutoka Unguja. Twasema kurudi, ingawa baba hakuwahi kuiona Omani kabla ya mwaka huo. Binamu yake, ambaye sisi twamwita ami, alitangulia miaka kumi, akaoa katika mji wa Ibra, akapata bunduki nzuri, na Kiarabu chake kikawa cha hapa hapa. Ndiye aliyemwambia baba kwamba Idi pili wanaume wa ukoo hupiga shabaha nyuma ya mitende, kila mtu na silaha yake, na yeye aje na yake. Baba alikuwa karani wa bandarini, hajapata kushika silaha kubwa kuliko kalamu. Alichosikia ni silaha, akaenda kutafuta silaha, akapata hii kwa bei ya mbuzi mgonjwa. Siku ya Idi wenzake walikuja na bunduki ndefu kuliko watoto wao. Yeye akaitoa yake mfukoni mwa kanzu.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Ami akamwambia asogee mbele, kisha asogee tena, mpaka zikabaki hatua kumi tu kufikia kifuniko cha debe la samli kilichopigiliwa kwenye nguzo. Baba akapiga risasi zote mbili. Ami akatangaza kwamba amekosa kifuniko, na mlima ulio nyuma yake ameukosa pia. Neno likabaki. Nyumbani kwetu mtoto akifeli mtihani, amekosa mlima. Mimi ndoa yangu ilipovunjika, walisema nimekosa mlima.

Kifuniko chenyewe kikatundikwa ukutani kwenye majlisi ya ami, sebule yake ya kupokelea wageni. Kina matobo ya duara pembeni, na katikati kabisa kuna tobo moja refu, kama tundu la kifungo cha shati. Hilo ndilo lililokuwa fahari yake. Risasi yake, alisema, iligusa jiwe kwanza, ikageuka, ikaingia katikati. Nimeisikia hadithi hiyo kila Idi tangu nipate akili, kahawa ikizunguka, shuwa, nyama ya kuchomwa shimoni, ikinukia, na baba amekaa chini ya kifuniko hicho akitikisa kichwa kwa adabu.

Mwaka mmoja baada ya baba kufariki niliichukua bastola nikaenda nayo kwenye bonde kavu huko Ibra, nikaegemeza kifuniko cha kopo la maziwa kwenye jabali. Sikuwa na nia yoyote ila kusikia ile sauti aliyoisikia yeye. Ya kwanza niliikosa. Ya pili ililia, bastola ikaniruka mkononi, na kifuniko kikaanguka. Nilipokiokota nikaona tobo refu.

Nikadhani kosa ni la bati. Nikaweka boksi la tende. Tobo refu. Risasi ya bastola hii inatoka imelegea, inapinduka hewani, inaingia ubavu. Haijui kutoboa duara. Mimi kazi yangu ni kupima vitu vidogo kuliko hivyo, na tobo lile nililijua kama ninavyolijua shavu la mama. Tobo la ukutani kwa ami lilikuwa la baba.

Nikamwendea mama nikamuuliza kama baba alijua. Mama aliendelea kuchambua mchele.

"Alijua, mwanangu. Alirudi siku ile akanambia, nimepiga katikati. Lakini ami yako ndiye wa kututolea ushahidi kwa shekhe kwamba sisi watu wa kabila hili. Bila ya neno lake hatupati pasi za Omani. Utagombana naye kwa ajili ya tobo?"

Nilimkasirikia ami, na nasema wazi, nilimkasirikia na baba. Miaka yote ile alinywa kahawa ya yule mtu na kumshukuru. Lakini yeye alikuwa na mke, na watoto wa kuandikishwa. Mimi pasi ninayo. Sikuwa na sababu ya kunyamaza.

Idi iliyofuata nikatoka upande wa wanawake nikaenda panapopigwa shabaha. Ami siku hizi hapigi, amekalia kiti na bakora yake, ni mwamuzi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akawageukia vijana akawaambia kwa Kiarabu kwamba binti wa aliyekosa mlima amekuja kuutafuta. Wakacheka. Nikahesabu hatua kumi kutoka kwenye nguzo yenye kifuniko kipya, nikasimama.

Kijinyundo kikagonga, kimya. Wakacheka zaidi. Sikuushusha mkono, kwa sababu risasi mbovu huweza kuchelewa, nikaiacha bastola imeelekea kifuniko nikihesabu mpaka thelathini. Kicheko chao kilichoka kabla yangu. Nikavuta tena kwa nguvu zangu zote, na mtutu wa pili ukalia. Ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada ikachanika. Kifuniko kikatikisika: nimepiga ukingoni, nusura nikose. Sikuwa na shida na katikati. Katikati palikwisha pigwa.

Nikakichomoa kifuniko msumarini nikaenda nacho majlisini, na wao wakanifuata. Nikakitungua kile cha zamani bila kumwomba mtu ruhusa. Ami alipokwisha kukaa nikaviweka vyote viwili magotini mwake, na bastola kando. Matobo mawili marefu, sawa kwa sawa. Wale ni watu wa bunduki, hawakuhitaji kuelezwa. Hakuna aliyecheka.

Ami alipitisha kidole kwenye tobo la kwanza, kisha la pili. Halafu akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo kwetu, ukiacha salamu, huizungumza akiumwa au akikasirika tu.

"Babako alikuwa akijua?"

"Miaka yote alikuwa akikaa chini yake, ami."

Kahawa ilipita, hakuichukua. Mwisho akaniuliza ninataka nini.

"Wahadithie upya," nikamwambia. "Kwa Kiarabu, wote wasikie."

Alianza kwa sauti ndogo, akiangalia zulia. Alisema risasi ya katikati si yake na haikuwa yake hata siku moja. Alisema jina la baba, na baba wa baba, mpaka babu wa ukoo, kama alivyosema siku ile ya ushahidi kwa shekhe. Lakini mzee yule ni mtu wa hadithi, hawezi kujizuia. Alipofika kwenye risasi yenyewe sauti ilikwisha panda, bakora iko juu, na baba yangu alikuwa amesimama hatua thelathini, upepo ukimpiga usoni. Zilikuwa kumi, na upepo haukuwapo. Mtu aliyetunyang'anya tobo kwa miaka hamsini sasa alikuwa anatuongezea hatua. Nikanyonya damu mkononi, nikamwacha aongeze.