Tulipongojea Saruji ya Uarabuni

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipowazuia watu wa Kirongwe wasichome chokaa. Hadi leo natamani asubuhi ile irudi niifanye upya.

Ilikuwa enzi za vijiji vya Ujamaa, nami kijana, katibu wa kijiji, najiona nayajua yote. Ukuta wa kibla wa msikiti wetu ulikuwa umepata ufa mrefu. Desturi yetu ilikuwa kila nyumba ilete mawe ya matumbawe na kuni, tanuri liwashwe, kinamama wapike, chokaa ipatikane. Mimi nikasema hapana. Redio ilikuwa ikitangaza utajiri wa mafuta wa Waarabu, basi nikamwandikia mtawala mmoja wa huko barua, atuletee saruji.

Shangazi yangu Zuhura, aliyeolewa huko Uarabuni akarudi mjane, akaniita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ukuta ule baba yangu aliuchomea chokaa, nami nataka nikifa nisaliwe ndani ya msikiti ule. Sasa sikiliza, mie nimeishi kwao. Mtawala mwenye mafuta, nguvu yake ni kisima cha mafuta hayo. Hatozi watu wake kodi, basi haoni haja ya kuwauliza neno, na bandari yake inalindwa na manowari za wageni. Jirani yake asiye na kisima anaishi kwa mfadhili. Mfadhili akinuna, askari hawalipwi, na mtawala hapati usingizi. Sisi tuna mawe na mikono, nawe unatufundisha kungoja."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Tukangoja. Mvua za masika zikaja, ukuta ukalala chini. Shangazi akafariki mwezi uleule, tukamsalia uwanjani, mbele yetu kifusi. Jibu la barua lilikuja baadaye sana: kalenda yenye picha ya mtawala.

Baada ya arobaini yake tuliwasha tanuri. Ukuta umesimama mpaka leo. Nikipita huwa naugusa, na hamu inanishika: hamu ya shangazi na ukali wake, ya moshi wa tanuri, ya watu waliokuja na mawe kichwani bila kuitwa mara mbili.

Mwanangu, msaada ukija upokee, ushukuru. Ila usiache kazi ya mikono yenu kwa kuungojea, maana anayeuleta ndiye anayejua lini ataukata. Mungu akupe afya, akupe majirani wa kubeba mawe pamoja nawe, na siku yako ikifika, usaliwe ndani.