Dizeli Sifuri Mjini Kahama

Juzi nilikuwa nanunua vocha Kahama, katika duka la kampuni moja yenye matawi mengi, mkaguzi kijana akaingia na kishikwambi. Kampuni inapima hewa ya ukaa ya kila tawi, na tawi litakalotoa kidogo kuliko yote litafungiwa umeme wa jua. Msimamizi wa duka, mama wa makamo, aliutaka umeme huo kwa moyo wote.

"Shikamoo mama. Kwenye dizeli ya jenereta umeandika sifuri."

"Marahaba baba. Ni sifuri."

"Umeme ukikatika, soda zinapoaje?"

"Zinapoa tu."

Kijana akakuna kidevu. "Nikipeleka hivi watasema umedanganya. Tawi litaondolewa."

Mama alimwongoza hadi stoo, akamshika mkono na kuuzamisha hadi kiwiko ndani ya pipa lililojaa pumba za mpunga. Mkono ulitoka na soda ya baridi kali.

"Umeme ukiwepo nagandisha barafu, halafu naizika humu. Pumba zenyewe mashineni wanazitupa."

Kijana akapekua kishikwambi, akapandisha, akashusha. "Hakuna sehemu ya pumba, mama."

"Basi iweke."

Akaandika kwenye nafasi ya maoni, akimsomea neno kwa neno, kisha akalipiga pipa picha. Mama alisimama kando ya pipa, amenyoosha kitenge kama yuko harusini.

Wataalamu wetu wanajua kupima tunachochoma. Tusichochoma bado kinawasumbua kidogo.

Majibu hayajatoka, lakini jana nilipopita, mama alikuwa nje, akanionyesha upande wa paa aliokwisha kuuchagua.