Mshipa wa Kuzaliwa Nao

Mama yangu alikuwa mshona kofia, na mtaa mzima wa Langoni hakuna aliyemshinda kwa kudarizi vitundu vidogo. Asubuhi moja alikuja jirani yetu, mjane, kuazima sindano. Akaushika mkono wa kulia wa mama, akaugeuzageuza, akasema mkono kama ule hajauona. Kisha akaenda zake.

Baada ya sala ya adhuhuri mama aliiangusha kazi. Kidole gumba na viwili vinavyofuata vilikuwa vimepauka, vimekufa ganzi, na kifundo cha mkono kinawaka moto. Kidole cha mwisho kilikuwa kizima kabisa. Wanawake walipouliza kumetokea nini, mimi, msichana wa miaka kumi na minne, nikasema jirani amesifu na sikumsikia akitaja mashaallah.

Sikuongeza neno. Halikuhitaji kuongezwa. Mama akanyweshwa kombe la kuondoa jicho, akasomewa, akafukizwa, wapi. Mjane akawa hajibiwi salamu. Siku ya sita akafunga mlango wake, akahamia kwa kaka yake, kisiwani Pate.

Mjomba akampeleka mama Mombasa. Daktari alimpasua kifundo, akakuta mshipa wa damu uliolala ubavuni mwa mshipa wa fahamu, katika kijia chembamba. Watu wengi, alisema, huwa nao wakiwa tumboni tu, kisha hupotea. Wa mama haukupotea. Damu ilikuwa imeganda humo, ukavimba, ukambana mwenziwe. Mama alirudi na hisia vidoleni, ila sindano ilimponyoka kila mara.

Neno la kwanza aliloniambia: "Nenda ukamtake radhi."

Tukavuka bahari na mjomba, tukashuka kwenye gati ya Mtangawanda, tukatembea hadi kwa huyo kaka. Mjane alinipokea uani, mikono ameificha ndani ya leso. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alizaliwa nao," akasema.

"Ndiyo, Bi."

"Miaka yote akashona nao. Mbona uzibe siku ile?"

Daktari hakuwa amesema.

"Hata mimi," akasema, "sikumbuki kama nilitaja."

Alinisamehe, lakini hakumshika mtu mkono tangu atoke Langoni, hata watoto wa kaka yake, na hakurudi tena. Alizikwa hukohuko.

Sasa umri wangu umeupita wake. Kila nikikutana na daktari humuuliza lile swali. Hunijibu vizuri, nami hushukuru, kisha huenda nikamuuliza mwingine.