Siku Redio Ilipoweka Wimbo

Ilianza Jumanne, saa moja na dakika ishirini asubuhi, wakati mtangazaji aliposema kwenye redio ya shosho, nyanya yangu, "Soko limefunguliwa, wasikilizaji, lakini ndani kuna mtu mmoja peke yake." Mtu huyo alikuwa mama yangu.

Kwetu ni huku juu, ukishapita Njoro na mashamba ya ngano, mahali ambapo zamani palikuwa shamba la mzungu mmoja. Mzungu alipanda mstari mrefu wa miti ya saipresi, na mpaka leo huo mstari ndio unatugawa. Walio juu yake tunawaita wa juu. Wao wanatuita wa chini. Wao wana ng'ombe, sisi tuna viazi, na soko liko barabarani, katikati. Mwezi uliopita nyumba zilichomwa pande zote mbili, na tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga soko. Malori nayo yaliogopa kupanda. Viazi vyetu vikaanza kuota macho stoo.

Kila nyumba huku husikiliza redio ya lugha yake. Siku zile za moto, waliopiga simu kwenye redio yetu walikuwa wanaongea sana juu ya kung'oa magugu, na haukuwa msimu wa kupalilia. Nasikia kwenye redio yao ilikuwa hivyo hivyo. Redio ambayo sisi na wao tunasikiliza pamoja ni ile ndogo ya Kiswahili ya mjini, kwa sababu ndiyo inasoma matangazo ya vifo na bei ya maziwa. Hao wa redio wakakaa na chifu na wazee, wakakubaliana soko lifunguliwe Jumanne, na mtangazaji awe pale pale sokoni akisema nani amekuja na ameleta nini, ili mtu asidanganywe akiwa nyumbani.

Wazo zuri. Shida ni kwamba wamama wa kwetu walisema, tutaenda tukisikia wale wameenda. Na wa juu bila shaka walisema maneno hayo hayo.

"Sasa nani ataenda?" mama akauliza. "Redio?"

Baba yuko Mai Mahiu, anaziba magurudumu ya malori. Alimkataza mama kwa simu, na mama akamwambia laini ni mbaya hasikii vizuri. Akajitwisha nusu gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akatoka kabla jua halijachomoza. Mlangoni akageuka akaniambia, "Ukisikia kitu kibaya, shika shosho mkono mwende kanisani. Usinifuate." Kisha akaenda. Mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa jibu ninalolijua, nanyamaza mpaka mwingine alitoe, halafu nakasirika.

Redio ya shosho inashika ile stesheni kuliko zote kijijini, kwa sababu waya wake umefungwa kwenye mabati ya jikoni. Kwa hivyo watu wakajaa uani. Wamama walikaa kwenye nyasi. Vijana walibaki wamesimama kando ya pikipiki zao, na katikati yao alikuwa binamu yangu, mtoto wa kwanza wa baba mkubwa, ambaye tangu nyumba yao ichomwe haketi popote.

"Mama, umeleta nini?" mtangazaji akauliza. Alikuwa mwanamke, na sauti yake ilikuwa karibu, kama ameketi jikoni kwetu.

"Si unaona? Viazi."

"Na jina lako ni nani, mama?"

"Jina la nini na viazi ndio hivi?"

Wamama wakacheka. Shosho akasema, "Huyo ni yeye. Hata kwa padri hujibu hivyo." Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikiliza nyuma ya sauti yake, kama kuna mtu mwingine anakuja.

Mtangazaji akasema ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha kinu cha posho, kuna wamama watano kutoka juu wamesimama na mitungi ya maziwa. Wamefika lakini hawavuki. Tukamsikia akitembea kwenye kokoto mpaka kwao.

"Habari zenu, wamama. Mnangoja nini?"

Tukasikia mitungi ikigongana. Halafu mmoja akasema, "Tunangoja tuone."

"Muone nini?"

"Kama huyo kweli yuko peke yake. Ama kuna wanaume wamejificha nyuma ya hizo meza."

"Eti sisi ndio tunajificha!" binamu akasema uani. "Muulize vijana wao wako wapi saa hii. Muulize!"

"Redio haikusikii," shosho akamwambia. "Nyamaza nisikie mimi."

Mtangazaji akarudi kwa mama, akamwambia wale wanaogopa. Mama akasema, "Waambie mmoja aje anifungulie. Mimi sijauza tangu asubuhi." Kwetu mteja wa kwanza ndiye anafungua siku ya mwenye biashara. Hakopi, na hapunguziwi bei sana, na akiwa na mkono mzuri unauza mpaka jioni. Kumwomba mtu wa juu akufungulie, mwezi huu, ni kitu ambacho sikuwahi kufikiria mtu anaweza kukisema kwa redio. Uani kila mtu alisogelea redio. Hata binamu.

Ndipo tukasikia mlio. Ulikuwa kama mti unaovunjika, halafu kitu kizito kikaanguka, halafu wanawake wengi wakapiga kelele kwa pamoja. Mtangazaji akasema, "Jamani! Jamani, anga..." Kukakatika. Redio ikanyamaza kama sekunde tano hivi. Kisha wakaweka wimbo, kwaya ya kanisa, pole pole na kinanda.

Ni lazima nieleze ule wimbo. Siku ile ya moto, redio ya lugha yetu ilikatiza kipindi cha salamu, ikaweka nyimbo za dini mchana kutwa bila mtu kusema neno, na jioni ndipo tukajua ni wangapi wamekufa. Tangu hapo, huku kwetu wimbo wa dini ukija ghafla, mtu hangoji habari. Ameshaipata.

"Wimbo!" binamu akasema. "Mmesikia wenyewe? Wimbo!"

Mama mmoja akaanza kulia, "Woiye, woiye." Binamu hakuongeza neno. Aliingia ghala la baba yake, lililopona moto hapo jirani, akatoka na panga, na wengine wakaenda mbio makwao wakaleta zao. Pikipiki mbili zikawashwa. Kutoka kwetu hadi sokoni kwa pikipiki ni kuteremka tu, maji ya chai hayajachemka umefika.

Nilimpigia mama. Simu yake iliita jikoni. Aliiacha, labda aliogopa ingeibiwa.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika simu yake na yangu, ile kabambe yangu ya vibonye, na nikaona kitu kimoja vizuri kabisa. Kama mama amekufa, hawa wakienda hawatamfufua. Lakini kama yuko hai, na hawa watokee barabarani na mapanga mbele ya wale wamama watano, basi wale watano walikuwa wamesema kweli kuhusu wanaume waliojificha, na hakuna mtu atarudi nyumbani. Wala mama.

Namba ya studio naijua kwa kichwa. Wanaitaja kila baada ya wimbo, na nilikuwa sijawahi kuipiga. Nikapiga. Laini ilikuwa na mtu mwingine. Nikapiga tena. Pikipiki za kwanza mbili, na ya binamu mbele, zikatoka kwa lango.

"Studio, habari," mwanamume akasema. "Punguza sauti ya redio yako tafadhali, inarudi hapa kama mluzi."

Hicho ndicho karibu kiniharibie kila kitu. Nikipunguza redio, walio uani hawatanisikia. Nikikaa karibu nayo, mluzi. Nikamwambia shosho, "Usiizime! Iongeze!" na nikakimbia na simu hadi stoo ya viazi, nikajifungia ndani. Giza, harufu ya udongo. Hata wimbo sikuusikia tena.

"Sasa ni sawa," yule mwanamume akasema. "Uko hewani, dada. Unapiga kutoka wapi?"

Nilisikia pumzi yangu tu.

"Dada?"

"Mimi ni mtoto wa yule mama wa viazi," nikasema. "Nataka kujua kama mama yangu yuko hai. Mmeweka wimbo. Huku mkiweka wimbo watu wanajua mtu amekufa. Vijana wameshika mapanga. Wengine wameshatoka na pikipiki. Toeni wimbo mseme ni nini imetokea. Tafadhali toeni wimbo."

Nilipomaliza ndipo nikajua nimesema nini. Nimewaambia wa chini na wa juu, wote, kwamba vijana wetu wanakuja na mapanga. Kama huko juu kulikuwa na vijana wamekaa karibu na redio, nao walikuwa sasa wanatafuta zao.

Yule wa studio akaongea pole pole, bila ile sauti ya redio. "Dada, wimbo tumeweka kwa sababu simu ya mwenzetu ilikatika. Ndio hiyo tu tunajua. Sijui kingine na sitakudanganya. Usikate. Na wewe kijana uko njiani, ama uko nyumbani, juu ama chini, simama hapo ulipo, kwa sababu hakuna mtu ametuambia mtu amekufa."

Nikangoja. Macho ya viazi yalikuwa meupe gizani. Nikasikia kama mtu anakwaruza ile laini, na yule mtangazaji wa sokoni akasema, "Hallo? Hallo, mnanipata? Simu yangu ilianguka betri ikatoka. Meza imevunjika huku, ilikuwa imeoza na mvua, viazi vyote..."

"Lete hiyo simu," mtu akasema. Nikamjua kabla hajamaliza. "Ni nani huyo anaongea kwa redio ya hapa kinuni? Ni nani alikupa kredo ya kupiga simu?"

Nilikaa chini.

"Mama, uko sawa?" nikauliza.

"Nimesimama! Meza ndiyo imeanguka. Viazi vimebingirika mpaka barabarani, na hawa wamama wamekuja wakaviokota, hata mimi nilidhani wanaiba." Nyuma yake mtu akacheka kidogo, cheko la woga. "Sasa wewe mtoto wa shemeji yangu, najua ni wewe uko na pikipiki. Nilikubeba mgongoni ukiwa na surua. Ukitokea hapa na hiyo panga, nitakuchapa hapa hapa hewani."

Kisha sauti nyingine ikaingia, ile iliyosema wanangoja waone. Haikuwa na mzaha. "Na nyinyi wa kwetu hapo juu. Mnanijua ni nani naongea. Kaeni."

Laini ikakatika nikabaki na mlio wa simu. Kredo ilikuwa imeisha.

Uani wamama walinikumbatia, lakini macho yote yalikuwa kwa lango, kwa sababu pikipiki haina redio. Hatukujua kama binamu amesikia chochote. Tulikaa hivyo. Shosho alishika waya wa redio kana kwamba akiuachia itakatika tena. Mtangazaji alitaja bei ya viazi, halafu ya maziwa, na kila alipovuta pumzi sisi tulishika zetu. Hakusema kuna pikipiki. Hakusema.

Mama alirudi saa nane mchana. Aliletwa na pikipiki, na aliyeendesha alikuwa binamu. Baadaye nilisikia kwamba mama mwenye kibanda cha chai, pale njia zinapokutana, alitoka na redio yake akakaa katikati ya barabara na kiti chake, akawaambia wapite juu yake. Wakasikiliza wakiwa hapo.

Binamu hakuzima injini. Alinitazama mara moja. "Umetuanika," akasema. "Hewani. Kama nguo za ndani."

"Na wewe ungetuzika," mama akamwambia, akishuka. Lakini hakusema kwa ukali, na yeye akageuza pikipiki akaondoka, na mimi usiku huo sikulala vizuri kwa sababu ya uso wake.

Mama alikuwa na mtungi ambao si wetu, uliojaa maziwa. Yule mwanamke wa juu ndiye alimfungulia. Alinunua vile viazi vilivyopondeka, hakuomba apunguziwe, kisha akampa maziwa akasema ampelekee yule mtoto wa kwa simu.

"Chombo cha mtu hakikai," shosho akasema. "Na hakirudi kitupu."

"Utakirudisha wewe," mama akaniambia. "Mimi wameshaniona."

Asubuhi iliyofuata niliosha mtungi, nikaujaza njegere tulizochuma na umande, nikatoka. Kwenye njia panda vijana wa kwetu walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao, na hakuna aliyeniita wala kunisalimu. Binamu alikuwa anafuta kioo cha taa na hakuinua kichwa. Nikapita. Nilivuka mstari wa saipresi, ambao nilikuwa sijauvuka tangu moto, nikafuata njia ya ng'ombe hadi lango la pili mkono wa kulia, kama mama alivyoelekeza. Ukutani kulikuwa na masizi ambayo walikuwa wamejaribu kuyasugua. Kulikuwa na kijana wa rika la binamu yangu akikamua, na aliponiona aliacha kukamua, akasimama.

Nilitaka kuweka mtungi chini nikimbie. Nikabisha hodi. Mbwa akabweka juu ya sauti yangu, kwa hivyo nikabisha tena, kwa nguvu.